Wenzangu wanataka niwawakilishe bwenini, nami nasitasita

Mwalimu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha hapa magharibi ya Kenya, ninakosomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Kwetu ni kaunti ya Vihiga, ambako mama yangu huuza nafaka katika soko la Luanda na pia ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama wenzake wa sokoni.

Bweni letu lina wasichana wapatao mia mbili. Mwakilishi wetu anaondoka muhula ujao kwenda mazoezi ya kufundisha, na msimamizi wa bweni pamoja na wenzangu kadhaa wa orofa yetu wameniomba niichukue nafasi hiyo. Sababu waliyoitoa ni kwamba maji yalipokatika mwezi uliopita mimi ndiye niliyepanga zamu za kuchota kwenye tangi. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia watu wakitukanana alfajiri huku wakisukumana na ndoo, wala sikuwa natafuta cheo chochote.

Siwezi kusema kwamba uongozi siupendi. Nikiwa mwaka wa kwanza niligombea ujumbe wa kitivo chetu katika uchaguzi wa chama cha wanafunzi, nikashindwa na mwenzangu aliyekuwa na fulana, mabango na soda za kuwagawia watu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipanga kugombea tena nitakapopata pesa. Sasa marafiki zangu wananiambia kwamba nikikubali kazi ya bweni nitakuwa nimejishusha, kwa kuwa ni kazi ya kufuatilia vyoo vilivyoziba na balbu zilizoungua, na kwamba hakuna mwajiri atakayeniuliza habari zake.

Mama naye hataki kulisikia neno uongozi. Binamu yangu alisimamishwa masomo kwa mwaka mzima baada ya mgomo, na mama hajasahau. Nilipomdokezea habari hii kwa simu alinijibu, "Nilikupeleka kusoma, sikukupeleka kugombana na wakubwa." Mimi mwenyewe pia nina hofu, kwa maana nikisimama mbele ya watu wengi sauti hunikauka na maneno niliyoyapanga hunitoka kichwani.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Katika chumba chetu cha watu wanne kuna msichana wa tano, niliyesoma naye shule ya upili. Mkopo wake ulichelewa, ada ya malazi ikamshinda, na tangu muhula uanze tunalala naye kitanda kimoja. Kanuni za chuo zinakataza jambo hilo, na mwakilishi hutakiwa kupeleka majina ya wanaolala bwenini bila kusajiliwa. Je, nimripoti rafiki yangu, au nimfiche huku nikiwaripoti wengine? Nishauri, Mwalimu, kwa sababu jibu langu linasubiriwa.

Anayesitasita, Vihiga

*

Mwanangu,

Ahsante kwa kuniandikia kwa uwazi. Ushauri wangu ni kwamba uichukue nafasi hiyo, lakini usiichukue kabla hujalimaliza jambo uliloliweka mwisho. Nitaanzia hapo, kwa sababu ukiingia katika kazi hii na mgeni kitandani mwako, huwezi kuitaja kanuni yoyote ya bweni bila mtu kuguna, na watu wanaotumia korido moja na mabafu yale yale hawachukui muda kujua nani analala wapi.

Usimripoti kwa kumshtukiza, na usimfiche. Kwanza elewa kwa nini kanuni hiyo ipo, maana wanafunzi wengi hudhani iliwekwa ili chuo kisipoteze ada. Mwezi Septemba mwaka wa 2024 bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri liliteketea usiku, wakafa watoto 21. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba watoto 70 hawakuwa wamejulikana waliko, kwa kuwa wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi wao na wengine walikuwa wamekimbilia kwa majirani. Ukiwa mwakilishi wa bweni, usiku wa moto wewe ndiye utakayeulizwa ni nani aliyekuwa ndani. Msichana ambaye jina lake haliko kwenye orodha hatatafutwa na mtu, kwa sababu hakuna anayejua kwamba yumo. Hiyo ndiyo sababu utakayompa rafiki yako, na ni sababu inayomjali yeye kwanza.

Kaeni basi wewe, yeye na wenzenu watatu wa chumbani, umweleze kwamba umeombwa kuwa mwakilishi na kwamba hali hii haiwezi kuendelea kimyakimya. Halafu fuatana naye hadi ofisi ya masuala ya wanafunzi, usimwache aende peke yake, maana aibu ya kutokuwa na pesa huwafanya wengi warudi kutoka mlangoni. Aombe kwa maandishi kulipa ada ya malazi kwa awamu hadi mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, utakapoingia, na aulize kama chuo chenu kina mpango wa kuwapa wanafunzi wahitaji kazi za saa chache katika maktaba, jikoni au bustani, kwa kuwa vyuo vikuu vyetu vingi vina mpango wa namna hiyo. Aombe pia basari ya NG-CDF, yaani mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, katika eneo bunge lake na ile ya kaunti, kama bado zinatolewa, na asisubiri dakika za mwisho kuzitafuta saini na mihuri inayotakiwa kwenye fomu hizo. Iwapo yote hayo yatachukua muda, iombeni ofisi hiyo ruhusa ya maandishi ili aendelee kukaa kwenu huku jina lake likiwa kwenye orodha. Wakikataa, mtakuwa angalau mmejua mapema kwamba inabidi atafutiwe chumba cha kushiriki na wenzake nje ya chuo, nanyi marafiki zake mumchangie kodi ya mwezi wa kwanza.

Ukishafanya hivyo kwa rafiki yako, utakuwa umepata pia njia ya kuwashughulikia wengine wote walio katika hali hiyo. Kila utakayemkuta analala bila kusajiliwa, mpe muda unaojulikana, mweleze sababu, fuatana naye ofisini, kisha peleka jina lake. Hapo swali lako la kumficha mmoja na kuwaripoti wengine litakuwa limekwisha.

Sasa nije kwenye hayo wanayokuambia marafiki zako, kwamba kazi ya bweni ni ya kujishusha. Hapo sikubaliani nao hata kidogo, na nasema hivyo baada ya miaka mingi ya kuishi na wanafunzi mabwenini nikiwa mlezi wao. Linganisha nafasi hizo mbili jinsi zilivyo. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2016 yalileta utaratibu wa wajumbe, ambapo wanafunzi huchagua wajumbe kupitia idara, shule au vitivo vyao, kisha wajumbe hao ndio huchagua baraza la wanafunzi. Mtu anaweza kuwashawishi wajumbe wachache, akaingia barazani, na mwaka wake ukaisha bila ya kuketi na mwanafunzi wa kawaida mwenye shida. Mwakilishi wa bweni hana nafasi ya kujificha namna hiyo. Alichokiahidi jioni ataulizwa asubuhi akiwa na mswaki mdomoni. Ukisema fundi wa mabomba atakuja Jumatano, kufika Alhamisi kila mtu anajua kama neno lako lina uzito au halina. Mimi sijui darasa lolote la uongozi linalomrudishia mwanafunzi matokeo yake kwa haraka kiasi hicho.

Wala si mimi peke yangu ninayeyathamini maisha ya bweni. Mtafiti wa Marekani, Alexander Astin, alieleza mwaka wa 1984 kwamba kiasi anachojifunza na kukua mwanafunzi chuoni hutegemea kiasi cha nguvu za mwili na akili anazozitia katika maisha ya chuo, na miongoni mwa mambo aliyoyataja kuwa yanamsogeza mwanafunzi karibu na maisha hayo ni kuishi ndani ya chuo kwenyewe. Huko kwao mwanafunzi anayewaangalia wenzake bwenini hupewa mafunzo kabla ya muhula kufunguliwa, na mara nyingi hupewa chumba bila malipo. Kwetu mambo si hivyo, na wewe huenda ukakabidhiwa funguo na orodha ya majina bila maelezo mengine. Kwa hiyo itakubidi uwe na utaratibu wako mwenyewe, na ndiyo maana nataka nikueleze kwa kirefu jinsi nilivyomwona mwanafunzi mmoja akifanya kazi hii vizuri.

Alikuwa msichana mpole, mwenye kusema kidogo, na bweni lake lilikuwa likikatikiwa na umeme karibu kila jioni kwa sababu ya koili, vile vijiko vya umeme ambavyo wanafunzi hupikia vyumbani. Unazijua koili. Kila mtu anajua kwamba haziruhusiwi na kila mtu anajua chumba zilikofichwa. Wawakilishi waliomtangulia walikuwa wakipita vyumbani na msimamizi, wakizinyang'anya, na baada ya wiki moja nyingine zinanunuliwa. Yeye hakuanza na msako. Alimwomba fundi wa umeme wa chuo amweleze kwa nini taa zinazimika, akaelezwa kwamba baadhi ya vyumba vilikuwa vimevuta umeme wa kupikia kutoka kwenye tundu la balbu, na kwamba nyaya za taa kwa kawaida hulindwa kwa fyuzi ya ampea 5 au 6, ilhali koili moja ya wati 1,500 kwa umeme wetu wa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 6 peke yake. Fundi akamwonyesha kipande cha waya alichokuwa amekitoa darini, mpira wake umeyeyuka na kushikana na mbao.

Kipande hicho ndicho alichokwenda nacho kwenye mkutano. Hakuita bweni zima. Aliita orofa moja kwa jioni moja, watu wakakaa koridoni juu ya ndoo zilizofunikwa na mikeka, waya ule ukapita mkono kwa mkono, na kila aliyeushika alinyamaza kidogo. Kisha akawauliza swali ambalo msako haukuwahi kuuliza: mnapika kwa sababu gani? Ikajulikana kwamba wengi hutoka darasani jioni wakati chakula cha kantini kimekwisha, na kwamba wengine walikuwa wakipika githeri mara moja ili wale siku tatu kwa kuwa pesa hazitoshi. Aliyaandika yote, akapeleka barua kwa msimamizi akiomba mambo mawili tu, yaani kantini isifungwe mapema siku za masomo ya jioni, na chumba kimoja cha chini kilichokuwa stoo kiwekewe soketi zinazofaa kiwe jiko la pamoja. La kantini lilikubaliwa mwezi huo huo. La jiko lilichukua muhula mzima na barua nyingine kadhaa, na alipoondoka chuoni jiko lilikuwepo.

Angalia alichokuwa nacho msichana yule. Alitafuta chanzo cha tatizo kabla ya kutafuta mkosaji, akawasikiliza watu mpaka mwisho, akaomba kitu ambacho mwenye ofisi angeweza kukitoa, na akafuatilia bila kukasirika. Yote hayo alikuwa akiyaandika katika daftari la kawaida la kurasa 96, ukurasa wa kushoto malalamiko, tarehe na namba ya chumba, ukurasa wa kulia nani ameambiwa, lini, na alijibu nini. Nunua daftari la namna hiyo kabla hata hujachaguliwa. Msimamizi akikuambia kwamba hajawahi kupata habari ya bomba linalovuja, utalifungua na kumsomea kwa adabu tarehe uliyomwambia, na mazungumzo yenu yatabadilika kuanzia hapo.

Habari ya sauti yako kukauka isikutishe. Wewe uliweza kupanga zamu za maji kukiwa na watu wenye hasira na ndoo mkononi, nayo ni hadhira ngumu kuliko ukumbi wowote. Anza na mikutano midogo ya orofa kama alivyofanya mwenzako, andika mambo matatu kwenye karatasi, yaseme, kisha waachie wengine nafasi. Kabla ya mkutano pita vyumbani uzungumze na wale wasiopenda kusema hadharani, maana katika kila bweni kuna wasichana wanaojua mengi na hawajawahi kuulizwa. Ukisimama ukiwa tayari unajua watu wanafikiri nini, hutababaika kutafuta maneno.

Jambo moja ulishike kwa nguvu: mikutano yote iwe kwa Kiswahili. Katika bweni moja la huku kwetu utakuta Mluhya, Mjaluo, Mkisii, Mkalenjin, Mteso na Mkikuyu wa Nakuru, na wote wanatumia bomba moja. Ukiwajibu watu wa kwenu kwa lugha ya nyumbani mbele ya wengine, hata kama ni salamu tu, wapo watakaohesabu kwamba bweni limepata wenyewe. Sisi wa Kisumu na ndugu zetu wa Nakuru tuliyaona mwanzoni mwa mwaka wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, yanayotokea watu wanapopangwa kwa makabila, na sitaki mwanafunzi wangu aanzishe hesabu hiyo hata katika kupanga zamu za kufagia.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Kutakuwa na michango, ya msiba, ya mwenzenu aliyelazwa, ya sherehe ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza. Usikubali hata shilingi moja ikae katika laini yako ya M-Pesa. Mchagueni mweka hazina mwingine, na kila mchango ukikamilika orodha ya waliotoa, jumla, na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Wagombea wa baraza la wanafunzi watakuja kwako uchaguzi ukikaribia, kwa kuwa mwakilishi anayeaminika na bweni zima ana thamani kwao. Wapokee wote, waruhusu wote waseme na makomredi, yaani wanafunzi wenzako, kwa muda sawa, na usimwahidi yeyote kura za watu wasiokutuma. Huenda wewe mwenyewe ukagombea tena siku moja, na sioni ubaya wowote. Ila hiyo mipango ya kungoja pesa za fulana iache. Ukirudi kwa wapiga kura ukiwa mtu aliyeleta maji na jiko, soda hazitakuwa na kazi kubwa.

Mama yako anaogopa mgomo, na ana haki ya kuogopa, kwa kuwa ameona kwa macho yake kijana wa ukoo akipoteza mwaka. Usimjibu kwamba wewe ni mtu mzima. Mwambie jinsi unavyokusudia kufanya kazi. Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha, nawe umechagua njia ya kuwasilisha malalamiko: barua yenye tarehe, saini za wenzako, na nakala unayobaki nayo. Siku watu watakapotaka kurusha mawe, simama mbele yao useme wazi kwamba hutaongoza jambo hilo, kisha uandike katika daftari lako kwamba ulisema hivyo na ni nani walikuwepo. Kisha muulize mama jinsi anavyowashika akina mama wa sokoni wanapochelewesha michango, na jinsi anavyoikataa mikopo bila kuvunja urafiki. Yeye ni kiongozi, hata kama hajiiti hivyo, na akiulizwa kama mjuzi, si kama kizuizi, naamini atakusikiliza. Hata mimi ningependa kusikia majibu yake, kwa sababu mweka hazina wa chama aliyedumu sokoni anajua mambo ya watu na pesa ambayo hayamo katika vitabu.

Usikubali kazi hii ikumeze. Waeleze wenzako tangu mwanzo kwamba baada ya saa nne usiku mlango wako unagongwa kwa dharura tu, yaani ugonjwa, moto, au mtu aliye hatarini. Wiki za mitihani mpe msaidizi wako kazi zote ndogondogo. Na kuna mizigo ambayo hupaswi kuibeba hata kidogo. Msichana akikuambia kwamba hataki tena kuishi, usimwahidi kuficha siri hiyo na usijifanye mshauri nasaha. Kaa naye, mwite msimamizi, mpeleke kwa mshauri wa chuo, na muwe na namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, ambayo hutoa msaada wa kisaikolojia. Iandike namba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na ya zahanati ya chuo na ya walinzi wa lango.

Mwajiri je? Wewe unasomea ualimu, na ukanda wetu umejaa shule za bweni tangu Maseno ilipoanzishwa mwaka wa 1906. Ukiajiriwa katika mojawapo, haitachukua muda kabla hujapewa bweni ulisimamie au kuwekwa mwalimu wa zamu, na mwalimu mkuu atataka kujua kama umewahi kuishi na watu wengi ukawa na neno kwao. Siku ya mahojiano usiseme tu kwamba ulikuwa mwakilishi. Eleza tatizo moja, ulichokifanya, na kilichobadilika, kama nilivyokueleza habari za koili.

Kwa hiyo kabla ya kutoa jibu lako nenda kwa msimamizi wa bweni ukamwombe mambo yafuatayo kwa maandishi: majukumu ya mwakilishi ni yapi, kipindi chake ni cha muda gani, ni ofisi gani inayopokea barua zake, na kama mwisho wa kipindi utapewa barua ya utumishi yenye muhuri wa chuo. Uliza pia njia za dharura za bweni ni zipi, na usiridhike na maelezo ya mdomo. Tembea naye hadi kila mlango wa nyuma uone kama unafunguka kutoka ndani na kama mwenye ufunguo analala karibu. Ukikuta mlango uliofungwa kwa kufuli, hilo ndilo litakuwa jambo la kwanza katika daftari lako, hata kabla ya vyoo.

Kisha omba uchaguzi ufanyike, hata kama watu wote wanakutaka wewe. Kuteuliwa na msimamizi peke yake kutawafanya wenzako wakuone kama jicho la ofisi, ilhali kura, hata za kuinua mikono koridoni, zitakupa haki ya kuwaambia wao na ofisi ukweli mmoja. Na tangu muhula wa kwanza mchague msichana wa mwaka wa kwanza awe karani wa mikutano na afuatane nawe unapokwenda kumwona msimamizi, ili utakapoondoka kwenda mazoezi ya kufundisha, wenzako wasianze upya na mtu asiyejua barua ya mwisho ilijibiwa nini.